Zima Programu, Usizime Kompyuta

Mwaka 1998 Balbina alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa akina mama, mjini Ifakara. Kila jioni mume wake, Dionisi, alimpitia kwa baiskeli. Dionisi aliendesha mashine ya kukoboa mpunga, na nywele zake zilijaa pumba. Balbina alimcheka kila siku, kisha akampangusa kwa kanga yake.

Wiki moja walikuwa na mgeni mpendwa. Bibi Theodosia, mama yake Dionisi, alikuja kutoka Mlimba. Alijua nyimbo za zamani za kuvuna mpunga. Wenzake walioziimba pamoja naye walikuwa wamekwisha kufariki wote. Mradi ulitaka kuzichapa katika kitabu. Basi yeye aliimba, na Balbina akaandika katika kompyuta.

Kifua cha bibi kilikuwa kibovu. Baada ya kila wimbo alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Nimeimba mara moja, mwanangu," alisema. "Sina pumzi ya kurudia."

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Balbina alifungua programu ya kuchora ili atengeneze jalada. Programu ikakwama. Alibonyeza kipanya, wapi! Dirisha la nyimbo lilikuwa nyuma, halifikiki. Na alikuwa hajahifadhi hata wimbo mmoja. Sauti ya mkwe wake ilikuwa imemnogea, akasahau.

Dionisi aliingia. "Imekwama? Kazi ndogo hiyo." Akainama kwenye soketi. "Mashine yetu ikikwama nazima, natoa pumba, nawasha. Mpunga unabaki palepale."

"Mume wangu, usiguse!" Balbina alipiga kelele. "Hizi si mpunga. Hazijahifadhiwa. Ukizima, zinapotea!"

"Zipotee? Zote?" aliuliza Theodosia kwa sauti ndogo.

Dionisi alirudisha mkono polepole. Maskini, aliogopa kweli.

Balbina alimwita Rosemery, fundi wa kompyuta, kutoka chumba cha pili.

"Shikamoo, bibi," alisema Rosemery.

"Marahaba, mwanangu. Tuokolee nyimbo."

Rosemery alitazama skrini. "Dada Balbina, kompyuta ni nzima. Kilichokwama ni programu moja tu. Tutaifunga hiyo peke yake kwa kuandika amri. Bonyeza Kontrol, Alt na F2 kwa pamoja."

Skrini ikawa nyeusi. "Zimekwenda!" alilia Balbina.

"Hazijakwenda. Hapa ni mahali pa kuandikia amri tu. Ingiza jina lako na neno lako la siri. Sasa andika ps x. Utaona programu zako, kila moja na namba yake."

Balbina alisoma. "Ya kuchora ni 412. Ya nyimbo ni 398."

"Soma tena. Ukikosea namba, utazifunga nyimbo wewe mwenyewe."

Alisoma tena, akifuata kwa kidole. "412."

"Andika kill 412. Hapo unaiomba ifunge yenyewe."

Aliandika, akasubiri, akaangalia tena kwa ps x. Namba 412 bado ilikuwepo.

"Kaidi huyo!" alisema Dionisi.

"Basi ilazimishe. Andika kill -9 412. Lakini usianze na hii, maana haiipi programu nafasi ya kuhifadhi kitu."

Safari hii namba 412 haikuonekana tena. "Sasa bonyeza Alt na F7, turudi," alisema Rosemery.

Dirisha la kuchora lilikuwa limetoweka. Nyimbo zilikuwepo, zote. Balbina alizihifadhi hapohapo, kisha akamkumbatia mkwe wake kwa furaha.

"Nisamehe, mama," alisema Dionisi.

"Ulitaka kutusaidia, baba. Nakujua."

Tangu siku hiyo Balbina alihifadhi kazi yake kila baada ya ukurasa. Programu ilipokwama, alisoma namba mara mbili, akaiomba ifunge, na ilipokataa ndipo alipoilazimisha. Wenzake ofisini walimwita programu zao zilipokwama, na alikwenda akitabasamu. Dionisi naye alijisifu kule kwenye mashine, utadhani fundi ni yeye.

Kitabu kilifika Mlimba, na wasichana wakajifunza nyimbo. Wakati wa mavuno, Balbina na Dionisi walikwenda kumsaidia mama. Wasichana waliimba shamba zima. Theodosia alikaa pembeni, kimya.

"Mbona huimbi, mama?" aliuliza Balbina.

"Niache nisikilize, mwanangu. Tangu wenzangu wafe, sijaimbiwa."