Vifungo Vilivyopishana

Duka la kuchapisha lilifurika watu. Mashine zinanguruma, foleni haieleweki inaanzia wapi, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Mshonaji wa magauni ya harusi alisimama na vipeperushi vyake, kavaa blauzi ya kijani, futi kamba shingoni kama kawaida yake, akimtazama kijana aliyekuwa mbele yake. Alivumilia, akashindwa.

"Kaka, samahani. Vifungo vyako vimepishana."

Kijana akajitazama. Kweli, upande mmoja wa shati umepanda, mwingine umeshuka.

"Lakini umejua kuwa hili ni shati?"

"Nimejua."

"Basi limefanya kazi yake."

Mshonaji alicheka mpaka vipeperushi vikamponyoka. Kijana akainama kumwokotea, akasoma kimoja.

"Magauni mazuri hivi, na huna tovuti? Mimi ndiyo kazi yangu, kujenga tovuti."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Kabla tovuti haijakamilika, kijana alikuwa akimwita mshonaji Bi Sindano, naye mwenyewe akiitwa Vifungo, na simu zao hazikatiki. Ungewauliza kama ni wapenzi, wangetazamana tu kila mmoja akimsubiri mwenzake ajibu.

Tovuti ilifunguliwa mchana wa joto kali. Msichana aliyeahidi kuvaa gauni kwa ajili ya picha hakutokea, basi Bi Sindano akalivaa mwenyewe: jeupe, mikono ya lesi, mkia unafagia sakafu. Vifungo alipiga picha, akamtazama yeye kuliko alivyotazama kamera. Akatangaza kuwa tovuti iko hewani, akaaga, akasahau hata chaja yake.

Wiki zikapita, na simu ya duka ikawa kimya. Ndipo kaka yake Bi Sindano, mtu asiyekosa neno katika jambo lolote, akaipitisha tovuti kwenye programu ya ukaguzi. Kioo cha kompyuta kikajaa alama nyekundu.

Bi Sindano akapiga simu.

"Naam, mpenzi... Bi Sindano."

"Kaka anasema HTML yako imejaa makosa. Ndiyo maana watu wakitafuta magauni mtandaoni sionekani."

"HTML ni lugha tu ya kujengea kurasa. Hayo makosa ni madogo, kama vifungo vyangu siku ile. Mtambo wa kutafuta unasoma hivyohivyo, haukushushi kwa ajili yake."

"Basi kwa nini sionekani?"

"Sijui."

"Fundi hajui?"

"Kweli sijui. Nimechanganyikiwa."

"Na mimi je? Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anataka jibu. Bila wateja narudisha ufunguo, naenda kwa dada kushona sare kiwandani. Ni mji mwingine kabisa, Vifungo."

Hilo la mji mwingine lilimchoma Vifungo kuliko yote. Akaketi, akasafisha kosa moja baada ya jingine, mpaka programu ya kaka mtu haikuwa na la kusema. Bi Sindano akatafuta tena mtandaoni. Hayupo.

"Uliniambia si kitu," alisema kwenye simu, "mbona sasa umeyafuta?"

"Nimeyafuta ili roho yako itulie."

"Sitaki kutulia, nataka wateja! Au unapenda nishindwe?"

"Mimi? Bi Sindano, mimi?"

Bi Sindano akakata simu. Hapo nawalaumu wote wawili. Mmoja alikuwa na jambo moyoni na hakulisema, na mwingine alilijua na hakuuliza. Walibaki wakigombana juu ya alama nyekundu.

Bi Sindano akaanza kukunja vitambaa na kuvitia kwenye maboksi.

Vifungo naye akaanza kazi ya mteja mwingine. Kama afanyavyo kila anapoanza ujenzi, aliandika kwanza mstari unaoiambia mitambo ya kutafuta: msiuonyeshe ukurasa huu, bado najenga. Akauacha nusu. Akaifungua tovuti ya Bi Sindano, akatazama, akashika kichwa. Punde alikuwa barabarani akikimbia.

Alimkuta kapiga magoti akifunga boksi.

"Kosa ni langu," alisema akihema. "Ila siyo lile la kaka yako."

Akamweleza habari ya ule mstari.

"Mbona programu ya kaka haikuuona?"

"Kwa sababu umeandikwa sawasawa, hauna dosari. Unafanya kazi yake vizuri, unawazuia watu wasikuone. Nilitakiwa kuuondoa siku ya kufungua."

"Ukasahau?"

"Ulikuwa umevaa lile gauni."

Bi Sindano hakujua acheke au amrushie mkasi.

"Yaani duka langu linakufa kwa sababu ulikuwa unanitazama?"

"Ndiyo. Na nilijisifu kwamba najua kazi. Nisamehe. Nimeshauondoa, lakini itachukua muda, wala siwezi kukuahidi kuwa utakuwa wa kwanza."

"Nenda, Vifungo. Sijui hata nawaza nini. Nenda."

Akaenda. Machozi yakamtoka mwanamke wa watu, ya hasira na ya kupendwa, yote pamoja. Lakini lile boksi hakulifunga.

Mwezi ulipokaribia kuisha, simu ya duka ikalia. "Dada, nimekuona mtandaoni, una nafasi?" Akaja huyo, akaja na mwingine. Mwenye nyumba akapata jibu lake, naye dada mtu akaambiwa sare zitafutiwe mshonaji mwingine.

Kisha likaingia agizo kupitia tovuti yenyewe. Gauni la bibi harusi, jeupe, mikono ya lesi. Bwana harusi kaandika: *Vipimo sina, fundi. Ni vyako mwenyewe. Kama hutaki, kata agizo, sitauliza.*

Bi Sindano alisoma, akasimama, akakaa. Akavua futi kamba shingoni, akajipima kiuno, akajipima kifua, akaandika. Alipofika mgongoni akajizungusha mara hii, akajizungusha mara ile, futi ikamteleza. Akachukua simu.

"Vifungo."

"Naam."

"Njoo unishikie futi. Mtu hawezi kujipima mgongo."

Alifika kabla futi haijaokotwa sakafuni, shati vifungo vimepishana, na safari hii mshonaji hakumwambia kitu.