Babu Aliyeambiwa Aharakishe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamusi alimsaidia babu yake kufungua kibanda cha kushonea viatu. Alipanga sindano, uzi na kopo la gundi juu ya benchi, kisha akafagia vipande vya ngozi vya jana. Majirani walimpa msichana huyo jina la Kamusi kwa sababu ndiye aliyewasomea barua zao za Kiingereza.

Babu alikuwa na kidonda mguuni kilichogoma kupona kwa miezi miwili. Daktari alitaka apimwe sukari kwenye damu, akampa karatasi ya kwenda nayo maabara. Iliandikwa aende Jumanne, saa mbili asubuhi, na chini yake neno moja la Kiingereza: "fast".

"Hapa wanasemaje?" Babu aliuliza.

"Haraka," Kamusi alijibu bila kupepesa macho. "Wanataka uwahi."

Jumanne Babu alikunywa chai upesiupesi, akamalizia mkate njiani, akafika maabara akihema. Alirudi amenuna.

"Wamenirudisha," alisema. "Karani kaniona nafuta makombo ndevuni, akasema sikufuata maagizo. Nisome karatasi vizuri, nirudi Jumanne ijayo. Maagizo gani tena, na mimi nimekimbia kama mwizi?"

"Labda hukukimbia vya kutosha, Babu."

Jumamosi, Kamusi alipokuwa akifua sare yake, aliliona neno lile kwenye lebo ya shati, mbele ya neno la Kiingereza la rangi. Rangi ya haraka? Alikaa na povu mikononi akiwaza. Mwalimu wake alikuwa na kamusi kubwa kabatini, lakini kwenda kuuliza kungeonyesha kwamba hajui. Akaanika shati, akanyamaza.

Jumanne ya pili shule zilikuwa zimefungwa, akamsindikiza Babu. Alimvuta mkono njia nzima, mzee akichechemea na kulalamika. Mpimaji wa damu, mama mmoja mwenye miwani, aliwapokea.

"Mzee, tangu jana usiku umekula chochote?"

"Chai na viazi, binti yangu. Nipate nguvu za kukimbia."

Mpimaji aliweka kalamu chini. "Kukimbia kwenda wapi?"

"Kuja hapa. Si mmeandika haraka?"

"Tumeandika ufunge, mzee. Usile mpaka tukupime."

Babu alimgeukia mjukuu wake taratibu. "Jumanne mbili unanikimbiza na mguu huu?"

Kamusi aliinamisha kichwa. Angeweza kumsingizia daktari na mwandiko wake, lakini aliuona mguu wa Babu umevimba juu ya kiatu. "Nilianza kuwa na shaka Jumamosi, Babu. Niliona aibu kuuliza."

Mpimaji alivua miwani, akafikicha macho kama mtu aliyechoka kusema jambo lilelile. "Neno hilo lina kazi nyingi. Ni mwendo wa kasi, ni kukaa bila kula, ni rangi isiyochuja. Hata mtu aliyelala fofofo wanamwelezea kwa neno hilohilo. Sasa mlete kesho asubuhi, tumbo tupu, na mje polepole."

Kesho yake Babu alipimwa. Sukari ilikuwa juu sana, akaandikiwa dawa siku hiyohiyo. Daktari alisema kidonda kitapona, ila wangechelewa zaidi, mguu ungekuwa hatarini.

Walirudi kwa hatua fupifupi. Babu alikuwa na njaa, tena hasira zilikuwa hazijamwisha.

"Mimi kiatu kikinishinda, namwambia mwenyewe akipeleke kwa fundi mwingine," alisema. "Anaondoka kakunja uso, lakini hatembei na soli itakayomwangusha. Kutojua si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kujua kwamba hujui, halafu ukamwacha mwenzako akufuate."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Shule zikifunguliwa, nenda kwa mwalimu wako ukaulize. Sasa nitafutie mkate, na huo ndio uulete haraka."