Matone Matatu, Si Manne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Feza aliokota nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya baba yake, Fundi Asumani, mshonaji wa kanzu katika mtaa wa Kamalondo, mjini Élisabethville. Alasiri alikwenda chuoni kusoma Kurani. Umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili, na mwaka huo wa 1953 alikusudia kufunga Ramadhani nzima kwa mara ya kwanza.

Ngozi yake, hata hivyo, haikumpa raha. Kwa miezi minane mabaka yaliyovimba yalimtoka shingoni na mikononi, yakawasha kama upupu, yakatoweka, kisha yakazuka mahali pengine. Ugonjwa huo hauambukizi, lakini wenzake wa chuoni hawakulijua hilo.

"Weye, usiikale hapa!" alisema Kulthumu, binti wa jirani, akiuvuta mkeka. "Mwili yako iko sawa ngozi ya chura! Siku ya Idi utatuambukiza siye bote!"

Wasichana wakacheka. Feza akasoma akiwa amesimama.

Daktari wa zahanati alimwandikia chupa ya vitamini D iliyochanganywa na mafuta. Adalbert, mwuguzi wa maneno machache, alimkabidhi mama wa Feza chupa hiyo.

"Mama Feza, dawa hii huwasaidia baadhi ya wenye ugonjwa huu, si wote. Tunajaribu. Matone matatu kila siku. Matatu, si manne. Ikizidi, mwili hauwezi kuitoa upesi. Hujilimbikiza ndani ikawa sumu."

Feza alisikia kila neno. Lakini Idi ilikuwa inakaribia, na mtoto mwenye pupa hudhani kwamba kifaacho kidogo kitafaa zaidi kikiwa kingi. Kila jua lilipotua, mama yake alimpa matone matatu. Mama alipokwenda kupakua uji, Feza alilifungua sanduku lililowekwa chupa na kunywa kijiko kizima. Kisha aliongeza mafuta ya karanga ndani ya chupa, ambayo rangi yake ilifanana na ya dawa, ili upungufu usionekane.

Wiki ya pili ya Ramadhani, kiu ikaja. Majira ya baridi yalikuwa yameanza. Watu waliota makaa wakiwa wamejifunika mablanketi, na hakuna aliyetamani maji. Feza aliyatamani kutwa nzima. Akisha kufuturu alikunywa kopo baada ya kopo, kisha akatapika. Tumbo likamuuma na miguu ikawa mizito.

"Ni saumu hiyo," majirani walisema kwa sifa. "Fundi, mutoto wako iko na imani ya mutu mukubwa!"

Fundi Asumani alitabasamu kwa fahari. Feza alinyamaza, na watu wakaudhani ukimya wake kuwa ni uchaji Mungu. Mabaka nayo hayakuondoka.

Siku ya ishirini na tatu ya mfungo, alianguka mlangoni. Alipoulizwa jina la siku, alijibu jina la nyanya yake aliyekwisha kufariki. Baba yake akamfunguza saumu, akampakia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka zahanati, mama akifuata nyuma kwa mbio.

Adalbert aliisoma kadi ya mgonjwa. "Mabaka yangali yapo, na mwili umedhoofu. Daktari ameagiza kwamba matone yasipotosha, achomwe sindano ya vitamini hiyohiyo, yenye nguvu zaidi." Akakata shingo ya kichupa cha kioo na kuivuta dawa ndani ya bomba la sindano. Kabla ya kumgusa mtoto aliuliza, "Mama, alikuwa akipata matone matatu tu?"

"Matatu, Bwana Adalbert. Mbele ya macho yangu. Naapa kwa Mungu."

"Na binti yangu hasemi uongo," aliongeza Fundi Asumani.

Pamba yenye spiriti ikapita juu ya mkono wa Feza, baridi kama barafu. Alielewa kwamba chumbani mle watu wazima watatu walikuwa wakimpeleka kaburini kwa nia njema, na kwamba ni yeye peke yake aliyejua.

"Baba," alinong'ona, "nilikunywa kwa kijiko. Kila siku. Mule ndani ya chupa niliweka mafuta ya karanga."

Mama yake akajishika kichwa. Adalbert aliiweka sindano mezani polepole.

"Kijiko!" alisema. "Kama ningekuchoma hii, mtoto, pengine wiki ijayo tungekuzika."

Feza alipelekwa hospitali siku ileile. Siku tatu madaktari hawakuwaahidi wazazi wake jambo lolote, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeanza kudhurika. Alinyweshwa maji mengi, akakatazwa maziwa na jua, visije vikaizidishia nguvu sumu ile. Idi ikapita akiwa kitandani. Wiki ya tano ndipo alipoweza kutembea bila kushikwa. Mabaka yake yalipungua taratibu kwa dawa nyingine, ingawa hayakwisha yote.

Siku ya kumtoa hospitali, wote watatu wakiwa njiani kurudi nyumbani, Fundi Asumani hakumpiga wala kumkaripia.

"Mwanangu," alisema, "mwuguzi huiona ngozi na hupima joto la mwili. Kilichomezwa kwa siri hakioni, anakijua aliyekimeza. Ukimficha tabibu, unamfumba macho kisha unampa kisu. Na tena, ulimwacha mama yako aape kwa Mungu juu ya jambo lisilo kweli, naye hakujua. Kwa dawa uliyozidisha umekwisha kuadhibiwa. Kwa kiapo kile, mwombe mama yako radhi, kabla hujavuka kizingiti cha nyumba yangu."

Feza akampigia mama yake magoti barabarani, mbele ya wapita njia wote.