Kiti Alichochongewa Eleuterio

Kiti kilianza kupauka mkono wa kulia. Jana yake kilikuwa cha rangi ya machungwa iliyokoza, kina masikio ya sungura mgongoni na miguu ya madoadoa ya waridi na kijani. Asubuhi ile mkono wake ulikuwa mweupe kama mfupa. Hermelinda akadhani rangi ni mbovu, akapaka tena.

Sisi majirani tulimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Hapa kwetu Oaxaca, Meksiko, nani asiyejua? Aliyekufa karibu na sikukuu ya wafu hatengewi chakula wala kiti mwaka ule, maana bado hajapewa ruhusa ya kurudi. Ukimwita, atakuja mwingine asiye na kwao. Ila Eleuterio, mumewe, alikuwa amezikwa majuzi tu, binti yao yuko ng'ambo ya mpaka, na ile karakana waliyochongea viti pamoja ujana wao wote ilikuwa kimya mno. Upweke ni ugonjwa, jamani. Hermelinda akamchongea mumewe kiti, akamwekea mkate na chokoleti ya moto, akamwaga maua ya njano toka langoni hadi kitini ili asipotee njia.

Mgeni akaja kweli. Wafu hula harufu ya chakula, lakini huyu alikula rangi. Alimaliza kiti, akahamia kabati lenye midomo ya kasuku, kisha stuli za buluu zilizokuwa zikisubiri kupelekwa mjini, na mchana mmoja Hermelinda ameinama na brashi yake akasikia mtu anavuta pumzi nyuma yake, taratibu, kama anayenusa mchuzi, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba kizima, naye badala ya kukimbia akauliza kwa sauti ndogo kama ni mume wake, na kiti kikalia kama kinavyolia mtu anapojiweka vizuri.

Tukamleta Bibi Crescencia, mganga. Akafukiza ubani, akachapa kuta kwa majani, kisha akanuna.

"Eleuterio alikufa na kikohozi," akanong'ona. "Huyu umemsikia akikohoa?"

"Hapana, bibi."

"Basi mfukuze mwenyewe, mwanangu. Mgeni uliyemkaribisha wewe, mimi simwezi."

Hermelinda alilia sana. Mwishowe akakigeukia kiti: "Wewe si mume wangu. Toka."

Maua yakaburuzika sakafuni hadi langoni, na upepo haukuwepo. Harufu ikakatika. Tulifurahi, tukanywa pombe ya mezkali, tukamtania kwamba sasa atafute mchumba anayeonekana, kisha kila mtu akaenda kwake. Hakuna aliyefikiria kubaki naye usiku ule.

Kesho yake nilimpelekea supu. Kiti kilikuwa kimepakwa upya, kinang'aa, na milango yote iko wazi. Yeye ameketi sakafuni, analisemesha lango tupu.

"Nilikosea kukufukuza," alikuwa akisema. "Rudi. Hata kama si yeye, rudi."

Nikamwita. Akanigeukia akitabasamu, na midomo yake haikuwa na rangi hata kidogo.