Dawa ya Pakiti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, fundi mageti alifungua kabati la chumbani. Alitoa biskuti mbili kwenye pakiti, akampa binti yake wa kwanza. Kisha alifunga kabati kwa ufunguo. Mchana mkewe alitoa mbili nyingine. Jioni zilitoka mbili tena, pamoja na kipande cha mkate wa pakiti.

"Tafuna vizuri, Bimkubwa," fundi alisema. "Hiyo ndiyo dawa yako."

Bimkubwa alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alipenda kuamrisha nyumba nzima, wageni wakiwemo. Siku hizi hakumwamrisha mtu. Alikaa mkekani, mgongo ukutani, akiwatazama wadogo zake wakigombania kiti.

Mwaka uliopita alikuwa akiharisha na kukonda. Daktari wa hospitali kubwa alimpima, akasema tumbo lake linaumizwa na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai.

"Ugonjwa huu hauna kidonge," daktari alisema. "Dawa yake ni kula chakula kisicho na gluteni, maisha yake yote."

Fundi alitoka pale na neno moja tu kichwani: dawa. Na dawa anazozijua yeye huwa kwenye pakiti, zina maandishi, na hutolewa kwa kipimo. Alikwenda duka kubwa, akakuta pakiti zilizoandikwa kwa herufi nene: HAINA GLUTENI. Bei yake ilikuwa mara nne ya biskuti za kawaida. Alikuna kichwa, akanunua. Nyumbani alipiga marufuku. Bimkubwa asiguse chakula cha familia.

"Hata maharage?" mkewe aliuliza.

"Yameandikwa wapi kwamba hayana gluteni?"

"Maharage yaandikwe na nani, baba watoto?"

"Basi. Tusicheze na maisha ya mtoto."

Kuhara kulikoma kweli. Lakini nguvu hazikurudi. Midomo ya mtoto ilipauka. Akitembea kidogo alihema. Mwalimu alimrudisha nyumbani kwa kusinzia darasani. Fundi akadhani dawa ile ni hafifu, akanunua ya bei kubwa zaidi. Aliuza mashine yake ya pili ya kuchomelea, kwa bei ya kutupa. Wadogo zake Bimkubwa waliacha kunywa maziwa. Mtoto alizidi kudhoofika.

Jioni moja fundi aliketi kizingitini, ameshika tama.

"Nimechoka, mke wangu," alisema. "Kutwa nachomelea mageti ya watu, macho yanawaka moto. Na mtoto ananiishia mikononi. Nimeshindwa."

Mkewe aliketi kando yake. Yeye mwenyewe alikuwa amelia mpaka machozi yamekauka. Kesho yake alitia pakiti kwenye mfuko, akambeba Bimkubwa mgongoni kama mtoto mchanga. Fundi akawafuata hadi zahanati.

Mtaalamu wa lishe, mama mmoja mwenye sauti kubwa, aliagiza damu ipimwe. Kisha akaichukua pakiti.

"Baba, mbele umesoma. Nyuma je?"

"Nyuma herufi ndogo kama mayai ya chawa."

"Haya, nisikilize. Wanga wa mahindi. Sukari. Mafuta. Wanga wa viazi. Kilicho kingi ndicho huandikwa kwanza. Sasa nitafutie hapa cha kujenga mwili. Nitafutie cha kuongeza damu."

Fundi aliipokea pakiti, akaigeuza mbele na nyuma.

"Kwa hiyo wananiuzia sumu?" aliuliza.

"Hapana. Walichoandika ni kweli, haina gluteni. Hata maji hayana. Utamlea mtoto kwa maji?" Sauti yake ikashuka. "Zipo pakiti zenye lishe nzuri zaidi, lakini nazo ni ghali. Na vipo vyakula ambavyo havikuwahi kuwa na gluteni. Mchele, mahindi, viazi, mihogo, maharage, mayai, samaki, nyama, maziwa, mboga, matunda. Vyote viko sokoni."

"Lakini daktari alisema dawa."

"Alisema chakula, baba."

Majibu ya damu yalikuja. Ilikuwa imeshuka sana. Mtaalamu aliwapa vidonge vya kuongeza damu, akaeleza taratibu. Mchele na maharage wavichambue na kuviosha, maana punje za ngano huweza kuchanganyika humo. Unga wausage kwenye mashine isiyosaga ngano. Mafuta yaliyokaangiwa vitu vya ngano wasimpikie.

Njiani fundi alitembea nyuma yao. Moyo ulimuuma kweli kweli. Aliwaza kwamba angekuwa hana kitu kabisa, asingeweza kununua zile pakiti, na mtoto wake angekula maharage.

Siku hiyo mkewe alipika wali, maharage na mboga za majani, akachemsha mayai. Bimkubwa alinawa mikono kama wenzake, akaketi kando ya sinia. Hakugusa kitu.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe, mama," fundi alisema, akatoka nje haraka.

Baada ya miezi mitatu walirudi zahanati. Damu ilikuwa imepanda vizuri. Mashavu yalikuwa yamejaa. Darasa alikuwa amerudia, na mdogo wake alikuwa amempita kwa urefu, lakini alikuja kwa miguu yake mwenyewe.

"Unajisikiaje sasa?" mtaalamu alimuuliza.

"Vizuri. Ule ugonjwa wa tumboni umeisha."

"Ugonjwa gani tena?"

"Ule wa kila siku. Tumbo linavuta hivi. Nikila biskuti unatulia kidogo, halafu unarudi. Siku hizi nikila na wenzangu hauji."

Mtaalamu alimtazama fundi, kisha mtoto.

"Ule haukuwa ugonjwa, mwanangu. Ile ilikuwa njaa."

Bimkubwa alimgeukia baba yake kwa mshangao. Fundi alipiga goti mbele yake.

"Mwaka mzima, Bimkubwa! Kwa nini hukuniambia nikuongeze?"

"Ulisema ni dawa, baba," mtoto alijibu. "Dawa haiongezwi."