Daktari wa Muganza

Soko la Kamembe lilikuwa limefurika, watu wanapita mabega kwa mabega, kijana mrefu mwenye shati la kijani lililopigwa pasi alipojipenyeza mpaka meza ya Shadia. Aliomba mabaki ya vitambaa vyekundu, vilivyokatwa vyembamba. Shadia, muuza vitenge, alikuwa amejitanda mtandio wa zambarau na viganja bado vina hina ya harusi ya binamu yake. Akamuuliza ni vya kazi gani.

"Ya kufunga vidonda," kijana akajibu.

"Kumbe uko daktari, papa?"

Kijana akacheka, hakukubali wala hakukana. Akasema anaitwa Mudathiru, amekulia Bukavu na sasa anafanya kazi Muganza. Alirudi wiki iliyofuata kutafuta vitambaa ambavyo, kwa kweli, hakuvihitaji, akaondoka na namba ya simu. Baada ya hapo walizungumza kila jioni. Alimwita sheri, yaani mpenzi, naye Shadia alimtania kwamba daktari gani hajui hata dawa ya mafua.

Kaka yake Shadia, Karim, aliendesha lori la saruji kutoka Muganza. Siku moja akiwa anakula, alisema kwamba huko hakuna daktari wa jina hilo. Ila kijana mwenyewe alikuwa anamwona, anaingia kwenye uzio nyuma ya mashamba ya mpunga, pamoja na mwanamke mmoja. Shadia alimtetea Mudathiru mpaka sauti ikapanda. Lakini tangu siku hiyo alianza kumchunguza. Aliona madoa kwenye mikono ya mashati yake, madoa ya kunata yasiyotoka kwa sabuni. Alipouliza, alijibiwa kwamba ni ya kazi.

Wakiwa wanakunywa chai kando ya ziwa, simu ya Mudathiru ililia. Alisogea pembeni, lakini upepo ulileta maneno.

"Maman tusimukate tena, Uwineza. Umupake tu homoni, tuone kama atajibu sawa na mwenye kidonda."

Shadia aliijua homoni kutoka zahanati, kwenye sindano za uzazi. Moyo wake ukamaliza hesabu wenyewe: huyo Maman ni mkewe, amefanyiwa upasuaji, wanatafuta mtoto.

"Maman ni nani?" akamuuliza aliporudi.

"Ni mambo ya kazi, sheri. Nitakueleza siku ingine."

Kesho yake Shadia alipanda lori la Karim, amevaa abaya nyeusi kama anayekwenda msibani. Walipofika kwenye uzio ule alishuka peke yake. Ndani hakukuta nyumba ya mtu. Alikuta mistari ya miti ya mpira, mashina yamefungwa vitambaa vyake vyekundu, na chini ya mti mkubwa kuliko yote Mudathiru amepiga magoti anakwangua gome, mwanamke mwenye buti akimshikia chupa.

Mudathiru aligeuka, akamwona, akasimama. Kisha akaeleza. Maman ulikuwa mti mkubwa ule, mama wa miche yote. Gome likikatwa, mti unahisi jeraha, unatengeneza homoni yake, na jeni zilizolala zinaamka kuongeza mishipa ya utomvu. Ukipaka homoni hiyo bila kukata, baadhi ya jeni zinaamka vilevile, kana kwamba mti umejeruhiwa. Wao walitaka kujua ni zipi.

"Sasa juu ya nini ulinidanganya?"

"Uliniita daktari, ukanitazama vizuri. Nikaogopa kusema niko muntu wa miti."

Shadia alitaka kucheka. Lakini alimwona yule mwanamke mwenye buti, Uwineza wa kwenye simu, akiinamisha macho, akajua halijaisha.

"Kuna kingine. Sema."

Mudathiru akasema. Magome yale yangesomwa katika maabara ya Abidjan, na yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda nayo. Ni miaka miwili, na safari ni baada ya Idi. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia bila kumuumiza, na alitaka kuona kwanza kama Shadia atavumilia kungoja.

"Mimi si muti, Mudathiru. Usinijaribu uone nitajibu nini."

Akarudi kwenye lori. Siku zilizofuata simu ililia mpaka ikachoka, naye hakuipokea. Aliuza vitenge, na jioni alilia kimya ili Karim asiseme alimwonya.

Ijumaa baada ya swala, Mudathiru alikuja nyumbani kwao amevaa kanzu nyeupe. Mbele ya baba yake Shadia alieleza yote: kwamba si daktari, kwamba alidanganya, kwamba anaondoka, na kwamba anataka kumwoa Shadia akirudi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita binti yake na kumwuliza anasemaje.

"Posa nimeikubali, papa," Shadia akasema. "Kumuamini, bado."

Mudathiru akasema hilo linamtosha.

Alipofika Abidjan alipiga simu ya video akiwa kazini. Shadia aliona meza ndefu, vichupa, na msichana mwenye kilemba cha njano akipita nyuma.

"Na ule ni nani?"

"Ni mwenzetu wa maabara, sheri. Ona, niko nakuonyesha watu bote."

Akazungusha simu chumba kizima. Shadia akavuta kigoda, akaketi vizuri, akaleta simu karibu na uso.

"Zungusha tena," akasema. "Polepole."