Jiwe la Ramla kwenye Banki ya Pili

Mambo haya aliniambia Mama Philomène wa mutaa wa Mangobo, mwaka huu, siku ya Alhamisi ya mwezi wa nane, tukiwa tunachambua pondu kwenye baraza yake. Ni yeye aliyemupangisha Ramla chumba cha nyuma, kwa hiyo mengi aliyaona kwa macho yake, na mengine Ramla mwenyewe alimusimulia.

Ramla alitoka Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chuo chao na faculté ya hapa mujini walikuwa wamepatana kubadilishana wanafunzi, kila mumoja kwa mwaka mumoja. Yeye alikuja kusoma miti ya pori la Masako. Akishinda mutihani wa mwisho, kwa Kifaransa, mbele ya mwalimu, mwaka wake unahesabiwa. Akianguka, anarudi kwao mikono mitupu na mwaka umepotea. Na Kifaransa chake siku zile kilikuwa cha bonjour na merci.

Siku ya kwanza alifika saa mbili asubuhi, amevaa gauni ya kitenge cha kijani na kilemba cha rangi ile ile, viatu vinang'aa. Salle ya masomo imejaa mpaka madirishani. Watu wamesimama, wengine wamebanana wawili kiti kimoja. Lakini kwenye banki ya pili, kiti kirefu cha mbao karibu kabisa na mwalimu, akaona nafasi. Hakuna mutu, jiwe tu. Akamushukuru Mungu, akalichukua lile jiwe, akalitupa inje kwa dirisha, akakaa.

Salle nzima ikanguruma. Mara akaingia kijana murefu, blouse nyeupe ya maabara imepigwa pasi, uso bado una maji. Akatazama banki, akatazama dirisha.

“Mama,” akamuambia polepole, “lile halikuwa jiwe. Lile lilikuwa mimi.”

Watu wakacheka mpaka wakagonga mabanki. Ndipo alipofundishwa: hapa mutu anakuja saa kumi na moja, kungali giza, anaweka jiwe lake, kiisha anaenda kunawa ao kutafuta chai. Jiwe likiwa pale, ni yeye iko pale.

Ramla alitaka kusimama kwa haya. Kijana akakataa, akaegemea ukuta yeye mwenyewe masaa mawili, anaandika ndani ya kaye, daftari lake, juu ya mukono. Jina lake Fadhili, mutoto wa familia moja ya Waislamu wa zamani, tena chef wa promotion, yule wanafunzi wanayemuchagua aongoze darasa.

Kuanzia kesho yake mawe yakawa mawili. Fadhili anafika alfajiri, anaweka lake, anaweka la Ramla karibu. Mwalimu akimaliza, wanatembea pamoja mpaka Mangobo, Fadhili anataja majani kwa Kifaransa, Ramla anarudilia. Na jioni simu haipumziki.

“Umekula?”

“Nimekula kisamvu cha Mama Philomène.”

“Kisamvu ni nini? Sema pondu, mupenzi, kama mutu wa hapa.”

“Mtu wa hapa anayenijaza maneno matamu kila jioni, anasoma saa ngapi?”

“Mimi nasoma. Wewe ndiyo unanisumbua na hiyo sauti.”

Mama Philomène alikuwa anasikia kicheko kule nyuma, anapiga ukuta na mwiko.

Zilibaki wiki sita kwa mutihani. Siku ya Jumatatu Ramla akafika kama kawaida, jiwe lake hakuna. Pahali pake amekaa Priscille, musichana wa upande wa Bangboka, nywele zimesukwa upya, na Fadhili ubavuni, kichwa ndani ya kaye. Hakukiinua. Ramla akasimama nyuma kabisa, kule ambako hausikii mwalimu, unasikia kukohoa tu. Akatoka kabla masomo hayajaisha.

Fadhili alipiga simu mara tisa. Ramla akaizima. Mama Philomène akamushauri amuulize kwanza kijana mwenyewe. Akajibu kwamba ana macho. Alilia jioni ile moja, na ilikuwa hiyo moja tu. Kiisha akanawa uso, akaja jikoni kuomba afunguliwe mulango wa uzio wa lupango saa kumi za alfajiri.

Akafunguliwa. Akaenda na tochi, akapitana na wamama wanaopeleka ndizi sokoni, akafika faculté kabla ya wote. Akaokota jiwe, akaliweka mwenyewe kwenye banki ya pili. Fadhili akamukuta pale.

“Uko hapa,” akasema.

“Nina miguu.”

Fadhili akakaa mbali kidogo, akamueleza yote. Siku ya Jumamosi wanafunzi walifanya mukutano. Walisema chef mwenyewe anavunja sheria, kwa sababu jiwe linawekwa na mwenye nalo, haliwekwi kwa ajili ya mutu anayelala. Priscille alikuwa anakuja saa kumi na moja wiki nzima na anakosa nafasi. Mikono ikainuliwa, akashindwa.

“Jumamosi mpaka Jumatatu,” akasema Ramla, “na simu unayo. Kwa nini hukuniambia?”

“Niliona haya. Nilifikiri utasema, huyu mwanaume iko chef, lakini hata kiti hawezi kunilindia.”

“Fadhili, sikutoka Kigoma kuja kulindiwa kiti. Nimekuja kusoma. Ungeniambia Jumamosi, Jumatatu ningeamka.”

Akainamisha kichwa. “Donc, unanisamehe?”

“Niulize mti.”

“Upi?”

“Wowote, kwa Kifaransa. Na nikikosea usicheke.”

Akauliza. Ramla akakosea. Fadhili alifunga mudomo kwa mukono lakini mabega yakamusaliti, akapigwa na kaye kichwani. Wiki sita wakawa hivyo, kila alfajiri.

Siku ya mutihani mwalimu alipanga majani kumi juu ya meza. Saba Ramla akayasema. La nane ulimi ukakwama. Mwalimu alikuwa mutu mwema, akamuambia aendelee kwa Kiswahili, yeye atasikia. Fadhili, mulangoni na wenzake, alimuona anafumba macho.

“Non, Professeur,” Ramla akasema. “Attendez un peu. Ça vient.”

Mwalimu akangoja kidogo, kama alivyoombwa. Kifaransa kikaja, kimevunjika-vunjika, lakini kikaja. Kumi na mbili juu ya ishirini. Mwaka ukahesabiwa.

Muchana ule Fadhili akafika kwa Mama Philomène, shati ya buluu, kola imenyooka. Mama alibaki na sufuria yake makusudi.

“Ramla, mwezi ukiisha unarudi kwenu. Nataka nije na tonton wangu Djuma, baba mudogo, tumusalimie baba yako.”

“Baba atakuuliza kama umemaliza masomo.”

“Namaliza mwaka ujao.”

“Basi uje mwaka ujao, na diplome mkononi. Leo nitawaambia nyumbani wasipokee posa ya mwingine.”

“Hiyo ni ndiyo?”

“Ndiyo, Fadhili. Unataka kwa Kifaransa?”

Palepale Ramla akapiga simu Kigoma. Mama yake aliuliza jina la kijana mara tatu, akasema atamuambia baba akiisha kula.

Mvua ikaanza, Fadhili akakimbilia moto, pikipiki ya abiria, anacheka peke yake. Ramla akakaa kitandani kuvua viatu. Alivua kimoja, akaanguka ubavu, usingizi ukamuchukua saa nane ya muchana. Mama Philomène akamuvua cha pili. Wiki sita naye alikuwa anafungua mulango saa kumi, bila kumuambia mutu kwamba anachoka. Akatoa sufuria kwenye moto, akajinyoosha juu ya mukeka ili apumzishe mugongo kidogo tu, mvua inapiga mabati, naye akalala. Yaliyofuata, aliniambia, niulize mutu mwingine.